Mwaka wa Kujazia: Jinsi Vijana wa Kongo Walivyoufikia Mlango wa Sayansi

Jumapili moja baada ya Misa, mzee mmoja wa Walungu alitungojea chini ya mikaratusi, kofia mkononi. Ilionekana kwamba ana neno zito moyoni. Tulipokwisha kusalimiana alisema:

«Mtoto wangu amepata Diploma ya Serikali. Alisoma pedagojia, maana shule ya karibu nasi haina sehemu nyingine. Sasa ataka kusoma elimu ya kilimo huko Bukavu, katika chuo kikuu. Wamemwambia: kwanza mwaka mmoja wa preparatwari, ndipo mwaka wa kwanza. Basi nawauliza ninyi mnaosoma vitabu: mwaka huo ni wa haki, ama ni njia ya kutula fedha? Ng’ombe wangu ni mmoja.»

Siku ile tulimjibu nusu nusu, kama watu wanaoona haya kusema hawajui. Lakini swali lake lilitufuata mpaka nyumbani. Tulipoanza kulichunguza tuliona kwamba ni swali la zamani, na kwamba baba zetu walikwisha kulipa mwaka huo kabla ya mtoto wake, wengine kwa furaha na wengine kwa machozi. Tuwasimulieni basi.

Kwanza tueleze kwa nini masomo ya sayansi hudai mambo ambayo masomo mengine hayadai kwa ukali namna hii. Mtu aliyefundishwa historia vibaya katika sekondari aweza kujirekebisha mwenyewe baadaye, usiku, kwa taa na vitabu vizuri. Hesabu haikubali hivyo. Ni kama kupanda ngazi: kidaraja kimoja kikikosekana, mguu wakanyaga hewa.

Chukueni udongo wetu wenyewe. Wakulima wa Ngweshe wajua kwamba mashamba mengi ya vilimani yamechoka, na maharagwe hayazai kama zamani. Wataalamu husema kwamba udongo huu una uchachu mwingi. Uchachu hupimwa kwa kipimo kinachoandikwa pH. Maji safi yana 7. Udongo wenye 6 una uchachu kidogo. Na wenye 5 je? Mtu asiyejua logarithimu atasema: «Umeshuka hatua moja tu, si neno.» Kumbe, uchachu umezidi mara 10! Na ukishuka mpaka 4, umezidi mara 100 kuliko ule wa 6. Mtaalamu asiyelielewa jambo hili ataisoma namba kwa macho bila kuielewa kwa akili, na shamba la mjane ndilo litakalolipa.

Au tazameni hospitalini. Maji ya chumvi wanayotiwa wagonjwa katika mshipa yana gramu 9 za chumvi kwa lita 1. Kijana anayesogeza nukta ya hesabu mahali pamoja tu, 9 ikawa 90, ameua mtu. Kwa hiyo chuo kikuu kinapomwuliza mtoto wetu, «Hesabu yako iko wapi? Kemia yako iko wapi?», hakimtukani. Chauliza kwa ajili ya mgonjwa ambaye bado hajazaliwa.

Sasa turudi nyuma. Mapadri Weupe walijenga misioni ya Nyangezi mwaka 1906, na kutoka hapo na misioni nyingine shule zilienea katika nchi ya Bashi. Watoto walifundishwa dini, kusoma, kuandika, hesabu zile nne, na kazi ya mikono. Ilikuwa kazi kubwa, wala hatutaki kuidharau. Lakini mpango wa shule uliotolewa na serikali ya Wabelgiji mwaka 1929 ulikuwa na dari ya chini. Baada ya shule ya msingi, wachache walikwenda shule za kazi maalum: walimu, makarani, wasaidizi wa hospitali, mafundi. Kila shule ilimpeleka mtu kwenye meza moja au chombo kimoja, na hapo ndipo safari iliposimama.

Njia ndefu ilikuwa moja tu, nayo ni seminari. Stefano Kaoze, Mkongo wa kwanza kupata upadre katika nyakati hizi, aliwekewa mikono huko Baudouinville mwaka 1917 baada ya miaka mingi ya Kilatini, filosofia na teolojia. Wengi waliomfuata walikuwa na akili zilizonolewa sawasawa. Waliweza kuchambua sentensi ya Kilatini yenye mistari sita bila kupotea ndani yake. Lakini seminari ililenga upadre. Fisika na kemia zilipata nafasi ndogo, na vyombo vya kujaribia vilikuwa haba. Kijana aliyetoka seminarini kwa sababu hakuona wito alikuwa na elimu kubwa upande mmoja, na upande mwingine pengo.

Hapa tuseme habari ya Paul Panda Farnana, maana yajibu watu wanaodhani kwamba pengo lilikuwa katika akili ya Mwafrika. Huyu alichukuliwa Ubelgiji akiwa mtoto, mwaka 1900. Alisoma katika shule ya sekondari ya kawaida, pamoja na watoto wa Kibelgiji, hesabu zile zile, vitabu vile vile. Kisha akaingia shule ya kilimo cha bustani ya Vilvoorde, akatoka na diploma mwaka 1907. Hakuhitaji mwaka wa kujazia hata mmoja. Alipewa ngazi nzima tangu chini, akaipanda. Miaka kama 50 ikapita kabla ya wavulana wa Kongo kupewa ngazi hiyo katika nchi yao.

Na huku kwetu Kivu kulikuwa na jambo linalotufanya tutikise kichwa. Huko Mulungu (wasomaji msichanganye na Walungu yetu) kilikuwapo kituo cha INEAC, shirika la uchunguzi wa kilimo lililoundwa mwaka 1933. Karibu nacho, huko Lwiro, shirika la IRSAC lililoundwa mwaka 1947 lilijenga nyumba kubwa za uchunguzi na maktaba, na wataalamu wakaja toka nchi mbalimbali. Walichunguza wadudu, wanyama, magonjwa, matetemeko ya nchi. Mahali hapo hapako mbali sana na Walungu. Mtu mwenye miguu mizuri aweza kufika. Lakini umbali wa kweli haukuwa wa kilometa. Watoto wa vilima vilivyozunguka walifika Lwiro kama vibarua na wasaidizi, wakaosha chupa na kubeba mizigo. Mikroskopu ilikuwa mlangoni pao, na shule ya kuwafikisha kwenye kiti cha mwenye mikroskopu haikuwapo.

Walio karibu zaidi na mlango walikuwa wasaidizi wa madaktari. Chuo Kikuu cha Louvain, huko Ubelgiji, kiliunda mwaka 1926 shirika la uganga lililoitwa FOMULAC. Lilianza Kisantu, katika Kongo ya chini, kisha likafika Kivu; hospitali yake ya Katana bado wazee huiita kwa jina hilo. Wasaidizi hao walisomeshwa miaka mingi, kuliko wauguzi wote. Walijua mwili wa mtu, walijua magonjwa ya nchi, waliendesha zahanati peke yao mahali ambapo daktari hupita mara chache. Walakini walipandishwa ngazi mpaka kidaraja fulani, wakaambiwa: hapa panatosha. Waliitwa wasaidizi, na wasaidizi wakabaki. Tutawarudia hawa mbele, maana kwao kuna habari nzuri kuliko zote.

Mwaka 1948 mpango wa shule ulibadilishwa. Sasa ziliruhusiwa sekondari za miaka sita za elimu ya jumla kwa Waafrika, zilizoweza kumfikisha mtu chuo kikuu. Piga hesabu mwenyewe, msomaji: aliyeanza mwaka 1948 alimaliza mwaka 1954. Na tazama, mwaka huo huo, tarehe 12 Oktoba 1954, Chuo Kikuu cha Lovanium kilifungua milango yake juu ya kilima karibu na Kimwenza, nje ya Leopoldville. Wanafunzi wa kwanza walikuwa 33. Kwa nchi kubwa kama Kongo, 33! Parokia moja ndogo ina watoto wa komunyo ya kwanza kuliko hao.

Wakuu wa Lovanium walikuwa na shauri gumu la kukata. Mkuu wa chuo, Monsinyori Luc Gillon, alikuwa padri na tena mtaalamu wa fisika, mtu asiyedanganyika katika mambo ya hesabu. Vijana walifika wakiwa na vyeti vya kila namna. Huyu alitoka seminari ndogo, huyu shule ya ualimu, yule sekondari mpya ambayo haikuwa imepata waalimu wote wa sayansi. Basi walikuwa na njia tatu. Njia ya kwanza, kuwafukuza wote waliopungukiwa, na chuo kingebaki karibu kitupu. Ya pili, kuishusha mizani, na kutoa shahada za Kongo ambazo zingechekwa kila mahali. Ya tatu, kuchukua vijana kama walivyo na kuwajazia kilichopungua, kisha kuwapima kwa mizani ile ile ya Louvain.

Walichagua njia ya tatu. Ndipo likaundwa darasa la kutangulia chuo kikuu, ndani ya Lovanium kwenyewe. Kijana aliyekuwa amekwisha kuagana na ukoo wake kama mwanafunzi wa chuo kikuu alijikuta amerudishwa kwenye hesabu, fisika, kemia, na Kifaransa cha kuandika. Twaweza kufikiri aibu yake. Kijijini wamekwisha kumchinjia mbuzi, naye huku anafundishwa mambo ambayo mtoto wa Kizungu wa miaka 16 ayajua. Wako waliolichukia darasa hilo, wakaliona kuwa tusi jipya lenye jina la heshima.

Sisi hatuoni hivyo, na sababu yetu ni hii. Huko Ubelgiji nako, kijana wa Kibelgiji aliyetaka kuwa enjinia alifanya mtihani wa hesabu kabla ya kuingia. Na wale waliokuwa wamesoma Kilatini na Kigiriki, watoto wa mabwana kabisa, mara nyingi walikaa mwaka mmoja zaidi katika darasa la hesabu peke yake, ndipo wakathubutu kuukabili mtihani huo. Hakuna aliyesema kwamba wametukanwa. Mwaka wa kujazia haukubuniwa kwa ajili ya Mwafrika. Ni dawa ya zamani ya ugonjwa wa kila nchi: kijana amechagua njia moja utotoni, na utu uzima wake wamwita njia nyingine.

Lakini tusiwasifu mno. Dawa ilikuwa njema, ugonjwa ungaliweza kuzuiwa. Kama mpango wa 1948 ungalitolewa mwaka 1929, vijana wa 1954 wangalifika Kimwenza wakiwa kamili, kama Panda Farnana alivyofika Vilvoorde. Mwaka ule mmoja ulikuwa deni la miaka 20 ya kuchelewa, na aliyelipa deni hakuwa yule aliyechelewa. Mwaka 1956 serikali ya Ubelgiji ilitambua shahada za Lovanium, na mwaka huo huo ikafungua chuo kikuu chake Elisabethville. Mwaka 1959 mtambo mdogo wa nguvu za atomu uliwashwa Lovanium, wa kwanza katika Afrika yote. Ajabu kwelikweli: nchi yenye mtambo wa atomu, na mwaka uliofuata, siku ya uhuru, haikuwa na daktari Mkongo hata mmoja mwenye shahada.

Tuvuke mpaka kidogo, tuone jirani zetu walifanyaje, maana shida hii haikuwa ya Wabelgiji peke yao. Chuo cha Makerere, huko Uganda, kiliungana na Chuo Kikuu cha London mwaka 1949, na mitihani ya London ni mikali. Sekondari za Uganda, Kenya na Tanganyika zilikuwa zikiishia kidato cha nne. Basi Makerere kwenyewe kulikuwa na masomo ya kutangulia, na aliyetaka udaktari alisoma kwanza fisika, kemia na biolojia kabla ya kugusa mwili wa mtu. Baadaye, kuelekea mwaka 1960 na baada yake, sekondari zilipewa kidato cha tano na cha sita, na kazi ile ya kujazia ikahamia kwao polepole. Twapenda namna hii. Daraja lilijengwa kwanza mlangoni pa chuo, kwa haraka, kisha likasogezwa chini, karibu na kijiji, mahali ambapo wazazi waweza kulilipia.

Hata Marekani, nchi yenye mali zote, wana vyuo vya miaka miwili vinavyokaa karibu na watu, hata katika miji midogo. Cha zamani zaidi kati ya vile vya serikali kilianza Joliet mwaka 1901. Mtu mzima aliyekosa kemia katika ujana wake huingia huko, tena mara nyingi jioni baada ya kazi, asome hesabu na kemia, kisha aende chuo kikuu na masomo hayo yahesabiwe. Ndugu zetu wa Kivu waliopelekwa huko kama wakimbizi wakijua njia hiyo hawakai miaka mingi wakiomboleza diploma zao zisizotosha.

Sasa ile habari nzuri tuliyoiahidi. Baada ya tarehe 30 Juni 1960, madaktari wengi wa Kibelgiji waliondoka kwa ghafula. Hospitali zilibaki na masista, wauguzi, na wale wasaidizi wa madaktari, wapatao zaidi ya 100 katika nchi nzima. Shirika la Afya la Ulimwengu lilileta madaktari wa kigeni kuziba pengo. Lakini lilifanya na jambo jingine, ambalo kwa maoni yetu ndilo lililokuwa la hekima zaidi. Lilichagua wasaidizi wapatao 60, likawalipia safari na masomo, likawapeleka katika vyuo vikuu vya uganga vya Ufaransa.

Angalieni vizuri walivyotendewa. Hawakuambiwa: «Anzeni mwanzo kama watoto.» Kazi yao ya miaka mingi ilihesabiwa. Wala hawakuambiwa: «Nchi ina shida, chukueni shahada mwende.» Walipimwa, ikaonekana wanayoyajua na wasiyoyajua, wakaingizwa katikati ya masomo ya uganga na kujaziwa yaliyopungua. Walikuwa baba wa watoto, wengine wenye mvi za kwanza, wakikaa benchi moja na vijana wa Kifaransa ambao hawajawahi kumwona mgonjwa wa malaria. Baada ya miaka kama mitatu, kuanzia mwaka 1963, walirudi Kongo wakiwa madaktari. Kidaraja kile walichoambiwa miaka mingi kwamba kinawatosha hakikuwa mwisho wa ngazi. Ndivyo tulivyojua kwamba kilichokuwa kimepungua kwao kilikuwa kidogo tu, na kwamba kilikuwa kimefichwa na jina la «msaidizi».

Neno moja juu ya wasichana, ambao tumewasahau mpaka hapa kama mpango wa shule ulivyowasahau. Shule zao zilifundisha kushona, kupika na kulea, au ualimu wa watoto wadogo. Hesabu kubwa ya kemia ya nini jikoni, watu walisema. Sophie Kanza ndiye mwanamke Mkongo wa kwanza kupata shahada ya chuo kikuu, huko Geneva, na mwaka ulikuwa 1964. Kwa wasichana ngazi haikukatika katikati, bali haikusimamishwa kabisa.

Baada ya hayo mambo yalikwenda mbio. Mwaka 1967 Mtihani wa Serikali ulianza, ili cheti cha Walungu na cha Kinshasa vipimwe kwa mizani moja. Mwaka 1971 vyuo vikuu vilichanganywa kuwa kimoja, na mwaka 1981 vikatenganishwa tena. Hayo tuyapite. La maana kwetu ni kwamba mwaka 1989 Chuo Kikuu Katoliki cha Bukavu kilianzishwa, na vingine vikafuata mjini humo. Kijana wa Walungu hana haja tena ya kusafiri mpaka Kimwenza. Apanda gari asubuhi, na saa sita yuko mbele ya mlango, ikiwa barabara haikuharibiwa na mvua.

Lakini mlango wauliza swali lile lile la 1954. Na jibu la vilima vyetu halijabadilika vya kutosha. Mtoto akimaliza mwaka wa nane achagua sehemu ya masomo, naye ana miaka 14 hivi. Twasema achagua, kweli huchaguliwa na umbali. Sehemu ya pedagojia yahitaji mwalimu, ubao na chaki, basi yapatikana pengi. Sehemu za sayansi zahitaji vyombo, dawa za kujaribia, na mwalimu aliyesoma mambo hayo. Nazo ni chache. Hata zilipo, tumeona wanafunzi waliojifunza kemia kwa chaki tu: asidi imechorwa ubaoni, besi imechorwa ubaoni, na mshale katikati. Vita navyo, tangu 1996, vimeharibu na kupora shule zetu, na Kaniola na sehemu nyingine za Walungu wanajua gharama yake kuliko sisi tunaoandika. Mwalimu wa fisika aliyekimbilia mjini mara nyingi hakurudi.

Tulimrudia mzee, kama tulivyoahidi. Tulimwambia kwamba mwaka wa kujazia ni wa haki, ukiwa ni mwaka wa kweli. Tukamweleza namna ya kuutambua. Mtoto aende mwenyewe katika ofisi ya chuo aulize: je, anayeshinda mwaka huu ana ruhusa iliyoandikwa ya kuingia mwaka wa kwanza, au atafanyiwa mtihani mwingine? Maana mipango ya masomo imebadilishwa miaka hii ya karibuni, na neno alilosikia kwa rafiki aliyesoma miaka kumi iliyopita huenda limekwisha kufa. Atafundishwa na waalimu wa kitivo chenyewe, au na mwanafunzi mkubwa aliyepewa chaki? Ataingia maabara kwa mikono yake, au ataona mlango wake tu? Na tena aulize kama wapo wanaoanguka. Mzee alishangaa kwa swali hili la mwisho. Tukamwambia: darasa la kujazia ambalo hakuna anayeanguka, hilo ndilo linalokula fedha.

Tukamwambia pia jambo ambalo hakulipenda sana. Kati ya sasa na Oktoba kuna miezi, na algebra haihitaji maabara. Mtoto atafute vitabu vya wenzake waliosoma hesabu na fisika, akae na mmoja wao kila jioni, aanze tangu chini, bila haya. Waseminari waliofika Lovanium wakiwa hawana ila Kilatini walikuwa na kitu kimoja kilichowaokoa, yaani desturi ya kukaa kimya na kitabu kigumu saa nyingi. Ikiwa mtoto hana desturi hiyo, mzee asiuze ng’ombe bado.

Alinyamaza muda. Alipiga hesabu zake za soko la Mugogo, twadhani, bei ya ng’ombe na karo. Kisha akainua kichwa, wala hakuuliza tena juu ya mvulana.

«Na dada yake mdogo,» alisema, «yuko mwaka wa nane. Hesabu zake ni bora kuliko za kaka yake. Mwezi wa Septemba atachagua. Shule ya pedagojia iko hapa karibu nasi. Ile yenye biolojia na kemia, ni mwendo wa saa mbili.»

Tulimwuliza kama msichana ana jamaa upande ule, wa kumpokea siku za masomo. Akasema yuko shangazi yake. Tukakubaliana kwenda Jumamosi iliyofuata, sisi na yeye na msichana mwenyewe, tukamwone mwalimu wa kemia na kuona kama kabati lake lina kitu ndani.